Tunataka kudhamini watoto wa kitengo kwenye mashindano ya bustani za shule. Mwaka jana tulichemka, naomba ushauri

#1 Mchunga_Miche

Habari za muda huu wakuu.

Naanza na aibu yangu, halafu ndiyo niombe msaada.

Tuko watu tisa tuliosoma pamoja shule ya msingi, na tuna kikundi chetu cha kuchangiana: misiba, harusi, mambo ya kawaida. Mwaka jana mmoja akaleta wazo. Shule yetu ya zamani inashiriki mashindano ya bustani za shule, na siku hizi ina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, pamoja na watoto wengi wanaotoka kwenye nyumba zenye hali ngumu. Tuwadhamini. Nani angekataa? Tukachanga. Tukanunua majembe kumi na mawili, reki, keni za kumwagilia, mbegu, fulana zenye jina la kikundi mgongoni, na bango.

Siku ya ukaguzi nilienda mwenyewe. Bustani ilipendeza, sikatai, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Nikauliza watoto wa kitengo wako wapi. Walikuwa kwenye kivuli cha jengo, watoto kumi na wanne wamepangwa kwenye benchi na fulana zetu, zote nyeupe pe, hakuna hata moja yenye tope. Mpiga picha alipofika, kijana mmoja wa kiti cha magurudumu alisukumwa hadi ukingoni mwa tuta la kwanza, akapewa keni ashike. Keni yenyewe tupu. Picha ikapigwa. Nikamuuliza, "Wewe umepanda nini?" Akanijibu kwa upole tu, "Sijawahi kuingia, tairi zinazama."

Shule ikashika nafasi ya pili. Picha iliyozunguka kwenye kikundi chetu ni hiyo ya kijana na keni tupu. Watu wakaweka vidole gumba. Na mimi niliweka.

Mwaka huu pesa ipo tena na wenzangu wanataka turudie yaleyale, maana "yalifana". Mimi nimegoma mpaka nijue tunadhamini nini hasa. Walimu, wazazi, mafundi, yeyote aliyewahi kufanya hili: mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

#2 JembeButu

Mkuu hiyo keni tupu imenikaa vibaya. Niko siti ya mbele, nasubiri walimu waje.

#3 Kichwa_Ngumu

Mimi nitasema ambalo wengine wanaona haya kusema. Kwa nini mashindano? Mtoto kufunga kifungo cha shati tu ni vita, wewe unamwingiza kwenye kushindana kunyoosha matuta. Jengeni bustani yao, wacheze na udongo, basi. Mashindano ni ya wafadhili na walimu wakuu, watoto ni mapambo tu.

#4 Mwl_Kitengo

Nafundisha kitengo mwaka wa kumi na moja sasa. Mnivumilie, nitaandika refu.

Kichwa_Ngumu, wanafunzi wangu wanajua kushindwa kuliko unavyodhani, wanashindwa kila siku. Ambacho hawajui ni kushindana. Usiwaondolee hilo kwa kuwahurumia.

Mchunga_Miche, mlinunua vifaa kabla ya kumjua mtoto, basi. Karibu kila mfadhili anafanya hivyo, na sisi walimu tunanyamaza tusionekane hatuna shukrani. Jembe la mpini mrefu ni la mtu anayesimama, mwenye mikono miwili yenye nguvu. Nina wanafunzi kumi na saba, wanaoliweza ni watatu. Nenda kakae na mwalimu wa kitengo asubuhi nzima, umwangalie kila mtoto anavyoshika kijiko, anavyokaa, anavyochoka saa ngapi. Orodha ya manunuzi itajiandika yenyewe.

Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake unashika lakini hauachii. Mbegu ya mchicha kwake ni mateso, vumbi tu. Ukimpa mbegu ya maharage, ya boga au ya alizeti, anaibana na kuisukuma mwenyewe kwenye shimo. Kwa mbegu ndogo tuna ujanja wetu. Siku moja kabla, wenzake wanakoroga uji mzito wa unga, wanadondosha matone kwenye ukanda wa karatasi ya chooni, kila tone wanatia mbegu mbili tatu, wanaacha ikauke. Kesho yake yeye anautandaza ukanda kwenye mfereji, anafunika kwa udongo, anamwagilia. Karatasi inaoza, miche inatoka imejipanga. Mpini wa koleo la mkono tumeuzungushia vitambaa mpaka umekuwa mnene kama gunzi, hapo hautoki mkononi.

Kiziwi ukimpa jembe umemfunga mdomo. Mikono yote iko kwenye mpini, ataongea na nini? Na akishainama hakuoni ukimwita. Kwa hiyo sisi tunaanza na maelezo, duara, mikono mitupu, wote wananiangalia. Halafu kazi. Halafu tunasimama tena. Mgeni akija anadhani tunapoteza muda.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni. Mkalishe kwenye ukingo wa bati saa saba mchana, ataungua na hatalia. Mwekee kitu kinene cha kukalia, umkague. Na glavu za mpira usimpe kabla ya kuuliza nyumbani, maana wengi wao wana mzio wa mpira asilia na unaweza kuwa mkali kweli. Glavu za kitambaa zinatosha. Nimeona wafadhili wakileta katoni zima la zile za mpira kwa nia njema kabisa.

Mwenye ualbino, bustani yake ni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kofia pana, mikono mirefu, na vibao vya herufi kubwa kwa sababu wengi wao uoni wao ni hafifu. Mwenye kifafa hafanyi kazi peke yake karibu na tangi wala kisima, hata kwa dakika moja.

Nina kijana mwenye usonji alikuwa anakimbia hadi getini kila pampu ikiwashwa. Tukaizima pampu, tukarudi kwenye kopo lililotobolewa matundu. Sasa yeye ndiye mmwagiliaji mkuu. Kila mche makopo mawili, anahesabu kwa sauti, na ole wako umguse kopo lake.

Wapo pia wanaotia kila kitu mdomoni. Hapo angalia mbegu mnazonunua: zile zenye rangi kali ya waridi au kijani zimepakwa dawa ya kuvu, si za kuchezea. Samadi mbichi usiweke, iozeshwe ikawa mboji. Uzio wa mnyaa ukatwe, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Mbono nao ung'olewe, mbegu zake zinavutia kama shanga na zina sumu kali.

Na mpandishe kitu kinachowahi. Figili inaota ndani ya siku chache, na kwa mwezi mmoja hivi inavunwa. Mtoto ambaye kesho kwake ni mbali hawezi kusubiri kabichi miezi mitatu.

Nyongeza ndogo. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, baadaye akaiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto, na alitaka kila mtoto awe na kipande chake cha udongo. Kipande chake mwenyewe, si benchi pembeni ya kipande cha wenzake.

#5 JembeButu

Mwalimu hiyo ya kiziwi na jembe sikuwahi kuiwaza maisha yangu yote. Nina ndugu yangu kiziwi na tumelima naye miaka. Kumbe ndiyo maana alikuwa anatupa jembe chini kila nikimwuliza kitu, mimi nikidhani ana hasira.

#6 Fundi_Vipimo

Tairi kuzama hiyo ni kazi yangu, nimetengeneza bustani za aina hii mara tatu, na ya kwanza ilianguka. Kwa maana halisi, ilianguka.

Nilitengeneza meza ya kulimia ili kiti kiingie chini yake. Mita 2 kwa mita 1, kina cha udongo sentimita 20. Mbao nzuri, misumari ya kutosha, rangi ya bluu. Tukajaza udongo, watoto wakapanda, wakamwagilia kwa furaha zote. Usiku meza ikakaa chini kama ng'ombe, miguu ya mbele kwanza. Hesabu ambayo sikuipiga: hapo kuna meta za ujazo 0.4, na udongo ulioshiba maji unakaribia tani moja na nusu kwa kila meta ya ujazo. Nilikuwa nimeweka zaidi ya nusu tani juu ya miguu ya meza ya darasani. Namshukuru Mungu ilikuwa usiku, hakuna magoti ya mtoto chini yake.

Kwa hiyo miguu iwe minene, iungwe kwa mihimili ya mshazari, na udongo uchanganywe na mboji nyingi na pumba za mpunga ili upungue uzito. Matundu ya kutolea maji ni lazima, ila yasiwe pale mtoto anapoweka mapaja.

Vipimo ninavyotumia: chini ya meza pabaki sentimita kama 70 za magoti, lakini pima kiti cha mtoto mwenyewe, viti vya watoto vinatofautiana sana. Tuta la kuinuliwa la kawaida, la kufanyia kazi kwa ubavu, sentimita 50 mpaka 60 linatosha. Upana ukifikika pande zote mbili usizidi mita 1.2 kwa mtu mzima, na kwa watoto mimi nashusha hadi sentimita 90, mkono wao ni mfupi. Njia isipungue sentimita 90, na kila kona iwe na mita 1.5 ya kugeuzia kiti. Mteremko usizidi mita 1 ya kupanda kwa mita 12 za urefu. Juu ya njia usimwage kokoto, tairi linakwama kulekule. Shindilia udongo wa changarawe mpaka ulie.

Njia ndiyo inayokula pesa, na haionekani kwenye picha. Ukimwambia mfadhili "nunua njia" anakuangalia kama umelewa.

#7 NuktaNundu

Mimi ni kipofu tangu nina miaka minne. Nasoma uzi huu kwa programu ya kusomewa, kwa hiyo nikikosea kuandika mtanisamehe.

Shuleni nilikuwa na kazi moja kwenye bustani: kushika upande mmoja wa kamba wenzangu wakipima. Miaka saba ya kushika kamba. Nimejifunza kulima nikiwa mtu mzima, na nilichogundua ni kwamba kamba hiyohiyo ingenitosha. Ipige fundo kila sentimita 30, ivute kati ya vigingi viwili, na mtoto asiyeona anapanda kwa mstari ulionyooka kuliko wa mwalimu. Nafuata kamba kwa kidole, nikifika fundo nachimba.

Kutofautisha mche na gugu ndiko kunasumbua. Mimi nazungushia kila mche mdogo pete iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki. Chochote nje ya pete kinang'olewa. Ndani ya pete nanusa. Nyanya inajitangaza yenyewe, ukigusa jani tu mkono unanuka siku nzima. Mrehani, mnanaa na mchaichai vipandwe kwenye kona za njia, hivyo ndivyo vibao vyangu vya barabarani: nikinusa mchaichai najua nimefika tangini.

Vibao vya nukta nundu msichape kwenye karatasi, mvua moja tu basi. Kateni kopo la soda, bati lile laini linachapika kwa kibao na kalamu ya kawaida ya nukta nundu. Kingo zake zikunjwe, zinakata vidole.

Naomba jambo moja kwa mwanzisha uzi. Mkija kukagua, msiniambie "hongera" kabla hamjaniuliza nimepanda nini.

#8 Mama_wa_Wawili

Jamani uzi huu umenitoa machozi na siyo kawaida yangu.

Nina wawili, mkubwa ana mtindio wa ubongo, mdogo hana tatizo la mwili ila anasoma kwa shida kwa sababu mimi ni mama peke yangu na kipato ni cha leo kwa leo. Mwanzisha uzi alitaja watoto wa kitengo na watoto wa nyumba zenye hali ngumu. Kwa hiyo mimi niko pande zote mbili, na naona mnaongelea sana wa kwanza, wa pili mmemsahau.

Mwanangu mdogo alitolewa kwenye kikundi cha bustani kwa "utoro". Bustani ilikuwa baada ya vipindi, saa 10 jioni. Saa 10 jioni yeye yuko na mimi tunauza. Hakuna aliyeuliza. Mfadhili alikuwa ametoa viatu vya mvua kwa watoto wote wa kikundi, vizuri kweli, wangu akarudisha. Kama mnataka mtoto maskini ashiriki, bustani iwe ndani ya ratiba ya masomo. Hilo halina gharama hata senti, lakini anayeweza kumshawishi mwalimu mkuu ni nyie wenye pesa, siyo mimi.

La pili, mazao ni ya nani? Mwaka ule mboga zilienda kwa walimu. Mtoto amemwagilia wiki sita, hajabeba hata fungu. Siku akirudi nyumbani na fungu la mchicha aliloliotesha mwenyewe, hata mimi niliyekuwa nasema "umeenda shule kulima?" nitanyamaza. Maana ukweli ni kwamba wazazi wengi tulilimishwa shuleni kama adhabu. Ukichelewa, tuta moja. Ukiongea darasani, matuta mawili. Sasa unamwambia mzazi huyo mtoto wake amechaguliwa kulima, ataelewaje? Wekeni sharti kwenye udhamini: bustani hii hapewi mtu kama adhabu.

Na mkubwa wangu, picha yake iko kwenye kalenda ya watu nisiowajua. Mdomo wazi, mate yanatoka, juu yake wameandika maneno ya matumaini. Sikuulizwa. Ana miaka kumi na minne sasa, anajiona.

#9 Mchunga_Miche

Dada Mama_wa_Wawili, nimesoma mara mbili. Ile picha yetu nimeiomba ifutwe kwenye kikundi leo asubuhi. Wawili wamenuna.

#10 Nimewahi_Kukagua

Nimekuwa mwamuzi wa mashindano kama haya misimu kadhaa, siyo hayo ya kwenu. Hamjagusa vigezo, na hapo ndipo watoto hawa wanapopotelea.

Karatasi nyingi za alama zinatoa karibu nusu ya alama kwa muonekano wa siku ya mwisho. Ukishaweka hivyo umeshaiambia shule: leteni nguvu za watu wazima. Nimekagua bustani iliyolimwa na mlinzi na kaka yake. Nimewahi kunyanyua kabichi moja kwenye tuta zuri ajabu, ikaja nzima, udongo wake bado una umbo la kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, umezunguka kama kopo. Zilipandikizwa jana yake usiku. Nikamuuliza mtoto aliyewekwa kunielezea, hizi mlizipanda lini? Akamwangalia mwalimu.

Shule ikicheza mchezo huo, wa kwanza kukaa benchi ni mtoto anayechelewesha mstari.

Nilichoomba, na safari moja kikakubaliwa, ni hiki: waamuzi waje mara tatu na mara moja wasitoe taarifa. Alama nyingi ziende kwa daftari la bustani, ambalo mtoto anaweza kulijaza kwa maandishi, kwa michoro, kwa nukta nundu au kwa kubandika jani lenyewe. Bustani ipimwe kutoka ilipoanzia, siyo dhidi ya shule yenye maji ya bomba. Na mwamuzi aongee na watoto aliowachagua mwenyewe kwenye orodha, mkalimani wa lugha ya alama akiwepo. Mwaka huo mtoto asiyeongea alinielezea wadudu wa sukuma wiki kwa kunishika mkono, akanigeuzia jani, akaniwekea kidole kwenye mayai. Alipata alama zote za kipengele hicho na hakuna aliyelalamika.

Mdhamini ana sauti hapa. Waandaaji wanasikiliza anayelipia zawadi. Tumieni sauti hiyo kwenye vigezo badala ya ukubwa wa bango.

#11 Kichwa_Ngumu

Sawa, nimepunguza ugumu kidogo. Lakini basi si muwe na kundi lao? Shule za kawaida kivyao, vitengo kivyao, zawadi mbili. Kila mtu anashindana na mwenzake.

#12 NuktaNundu

Nilishinda zawadi ya namna hiyo nikiwa mtoto, kwenye kukariri mashairi. Tulikuwa wawili kwenye kundi. Mwenzangu alikuwa anaumwa siku hiyo.

#13 Kichwa_Ngumu

Aisee.

#14 Mwl_Kitengo

Mimi nipo katikati hapo. Watoto wangu wenye ulemavu wa akili wa hali ya juu wakichanganywa na darasa la saba, wenzao wanawafanyia kila kitu. Kwa upendo, tena. "Lete nikusaidie," dakika mbili kazi imekwisha na wangu ameshika ndoo. Tulichofanya ni timu za watoto wanne mchanganyiko, lakini kila mtoto ana kazi yake yenye jina lake, na mwingine haruhusiwi kuigusa. Wa mbegu, wa maji, wa kamba, wa daftari. Wa maji asipokuja, timu inakuja kugonga mlango wa kitengo kumtafuta. Hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko kombe, kugongewa mlango.

#15 Nimewahi_Kukagua

Naongeza kwa wanaosema kubadili vigezo ni upendeleo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uko wazi, kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni aina ya ubaguzi. Meza ya kulimia ni marekebisho. Alama za bure zingekuwa upendeleo, na hizo hakuna aliyeziomba humu.

#16 Mtunza_Daftari

Mmeongea kwa moyo, ngoja mimi niongee kwa risiti. Nimekuwa mweka hazina wa vikundi vitatu vya hisani na nimeona pesa za watoto zikigeuka kuwa chai ya kamati.

Msikabidhi fedha taslimu. Fundi alipwe moja kwa moja kwa hatua, nusu akianza, iliyobaki meza ikishakaliwa na kijana mwenyewe akasema inamtosha, siyo mwalimu mkuu akisema inapendeza. Andikeni kikaratasi cha ukurasa mmoja na shule: nani anamwagilia wakati wa likizo (bustani nyingi hufia likizo, si kwa wadudu), mazao yanagawanywaje, vifaa vinafungiwa wapi na ufunguo anao nani. Mwalimu wa kitengo asaini pamoja na mkuu. Akiachwa nje ya sahihi, ameachwa nje ya kila kitu.

Jingine, msidhamini msimu mmoja. Bora kiasi kidogo kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni wa kujenga njia na kukosea. Watoto waliozoea kuachwa, ukija na fulana ukapotea, umewafundisha kitu.

Na fulana zenyewe zifuteni kwenye bajeti. Ngapi mlilipia mwaka jana? Usijibu, nimeshapiga hesabu, hiyo ni njia ya mita kadhaa.

#17 Mchunga_Miche

Wakuu nimerudi baada ya kimya kirefu, samahani. Naleta mrejesho.

Tulikaa kikao kimoja kigumu. Wenzangu wawili wamejitoa, wanasema hawawezi kuchangia kitu ambacho jina la kikundi halionekani. Tumebaki saba. Bango limekufa, fulana zimekufa. Majembe ya mwaka jana tumeyakuta stoo, manne hayajafunguliwa karatasi.

Nilifuata la Mwl_Kitengo, nikaenda kukaa asubuhi nzima. Nilikaa asubuhi nne. Yule kijana wa kiti, nilijua kwamba hawezi kuingia bustanini, sikujua kwamba anajua majina ya mbegu zote kwa sababu bibi yake aliuza mbegu. Mwaka mzima alikuwa benchi, na ndiye aliyekuwa anajua.

Fundi alijenga meza mbili na njia ya mita ishirini na mbili. Meza ya kwanza ilikosewa, tulipima kiti cha zamani, kumbe amepewa kingine kirefu zaidi. Magoti yakagonga. Fundi akataka kukata kiti (siwatanii), tukamzuia, akainua meza kwa vipande vya mbao chini ya miguu. Sasa yanaingia.

Mwalimu mkuu amekubali bustani iwe kipindi cha pili, mara mbili kwa wiki. Haikuwa rahisi, alisema kitaathiri hesabu. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyetuokoa, akasema kamba yenye mafundo ni hesabu, na daftari la bustani atalisahihisha yeye. Kuhusu vigezo waandaaji wamekubali nusu: daftari limeingia, ziara ya kushtukiza wamekataa. Tutarudi mwakani.

Watoto kumi na wanne wote wana kazi zenye majina yao. Wawili bado hawataki kugusa udongo kabisa, wanachafukwa, basi wao wanabandika majani kwenye daftari kwa kibano kidogo na wanatulia kuliko wote. Wiki iliyopita tulivuna figili za kwanza, ndogo, moja imepasuka, kila mtoto akabeba mbili nyumbani. Ukaguzi wenyewe bado wiki tano na sina uhakika tutashika hata nafasi ya tano, maana shule ya jirani ina kabichi kama mpira wa miguu.

Nimemwomba kijana ruhusa ya kuwaletea picha. Akasema hapana, labda alizeti ikichanua. Kwa hiyo hakuna picha.

Sasa swali la leo. Konokono. Wanapanda miguu ya meza usiku, asubuhi majani yana matundu. Dawa ya sumu hatutaki, tuna wawili wanaotia vitu mdomoni. Mnafanyaje?

#18 Fundi_Vipimo

Kila mguu wa meza uusimamishe kwenye kopo pana la maji. Maji mwage kila baada ya siku mbili, usifuge mbu.

#19 Mwl_Kitengo

Na waliokwishafika juu, watoto wawaokote asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, wakiwa na glavu, halafu wanawe mikono kwa sabuni. Tenga muda wa kutosha lakini. Wangu huwa hawakubali kumtoa konokono kabla hawajampa jina.